Kompyuta Iliyoamkia Wazee

Kompyuta ya ofisi ya uhamisho, Lushoto, iliwashwa mwezi wa nne mwaka 1974, na tangu siku ya kwanza ilijikokota. Kristofa, fundi aliyeiunganisha kwa mikono yake kutoka kwenye makasha kumi na mawili, alipima umeme, akapuliza vumbi, akabadilisha feni, akakaza kila nati. Kadi za kaya mia sita, zilizopaswa kumalizika asubuhi moja, zilipita tisa kwa siku. Kila kadi iliyopita ilikuwa familia moja ya kushushwa kutoka milimani hadi kijiji kipya cha tambarare, upande wa Mazinde, kwenye joto na mbu.

Siku ya kumi alifungua kifuniko, akatega sikio.

"Shikamoo, mzee Sefania," kompyuta ilisema.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?" aliitikia mzee Sefania, aliyekuwa shambani kwake, mwendo wa saa tano kutoka pale.

Kompyuta ikauliza hali ya migomba, ya ng'ombe, na ya ule mguu unaomsumbua. Mazungumzo yalipokwisha ndipo kadi ikapita. Kesho yake lori lilimfuata mzee.

Kristofa aliandika kwenye daftari la matengenezo kwamba hitilafu imeonekana, na ni yake mwenyewe. Alipounganisha nyaya alifuata alivyolelewa: mdogo hataji jina la mkubwa kabla ya kumwamkia. Kompyuta ya siku kumi ilikuwa ndogo kuliko karibu kila mtu wilayani. Mkuu wa ofisi, Ndugu Mbaraka, mtu wa Tanga, alisoma maelezo hayo, akaagiza chai.

Jumatano kompyuta ilikwama kabisa kwenye kadi ya Marta, mjane wa Mtae.

"Shikamoo, mama," ilisema, ikasubiri.

Ilisubiri siku mbili. Ndani yake yalisikika maharage yakidondoka kwenye ungo. Habari zilikuwa zimefika Mtae kwamba anayeitikia anahamishwa.

"Huyu ni kiziwi?" aliuliza Mbaraka.

"Anasikia. Ni mama yangu."

"Basi sema naye."

Kristofa aliinama. "Shikamoo, mama. Itikia tu, yaishe."

"Na kaburi la baba yako," alisema Marta, "utalibeba wewe?" Akaendelea kuchambua maharage.

"Toa hizo salamu, Ndugu Kristofa," alisema Mbaraka. "Zinatuchelewesha."

Hapa lazima isemwe wazi: Kristofa angeweza kujibu kwamba kipuri hakuna. Mwaka ule nchi nzima haikuwa na vipuri, na hakuna ambaye angebisha. Kadi mia tano zingelala kwenye trei mpaka panya wazimalize, na watu wangelala kwao. Lakini alikuwa fundi mzuri, na aliona haya kuwa na mashine mbovu. Alichukua koleo, akakata nyaya mbili. Haikuchukua hata dakika moja.

Kompyuta ilimaliza kadi zote kabla ya saa sita mchana, bila kumsemesha mtu. Mbaraka alimpa mkono na kumwambia kwamba taifa linahitaji vijana kama yeye.

Jumatatu lori lilifika Mtae. Marta alitoka na jembe, sufuria na godoro, akafunga mlango kwa kufuli, ingawa nyumba ingebomolewa saa hiyo hiyo. Majirani walisukumwa nyuma pamoja na mbuzi. Yeye, kwa kuwa ni mama wa fundi, alipewa kiti cha mbele.