Chai Aliyokunywa Marehemu

Mume wangu Su Qingtian alinimalizia soksi. Michai ikichanua tu, huyo shambani na brashi yake, anachukua chavua ya mchai mmoja na kuipaka kwenye ua la mwingine, kisha analivalisha ua soksi ili nyuki wasimwingilie kazi; anatafuta aina mpya ya chai. Wilaya yetu ya Anxi nzima tunalima chai, lakini shamba lenye soksi lilikuwa letu peke yetu. Aibu niliyoiona!

Marehemu baba mkwe ndiye aliyecheka kuliko wote. "Unafungisha maua ndoa? Hata mbuzi hawataila hiyo chai yako!" Kila alichopika mwanawe alikionja, akakitema, akatafuta neno la kuudhi. Alikufa kabla mche mmoja, mmoja tu, haujatoa majani yenye harufu ya peasi.

Mwaka huu majani yake yakatosha kopo dogo la kupeleka kwenye mashindano ya chai. Kwetu mshindi hubebwa mjini kwenye kiti, ngoma zikitangulia. Mume wangu alishaanza kujifunza kupunga mkono. Nami, nisiseme uongo, nilishashona gauni.

Asubuhi ya mashindano, kopo tupu.

"Mama! Chai yangu iko wapi?"

"Nimempelekea baba yako kaburini," mama mkwe akajibu, anavua viatu vyenye tope. "Chai mpya wanaanza wazee. Umesahau adabu?"

"Wazee wanapewa vikombe vitatu, Mama! Siyo kopo zima!"

"Baba yako alipenda kali."

Tukakimbia makaburini. Birika zima la chai, limeshapoa. Qingtian akapiga magoti, akajimiminia kikombe, akaivuta chai mdomoni kwa kelele kama waonjaji wanavyofanya. Nami nikanywa. Jamani, ilikuwa tamu! Nikaangua kilio cha hasira.

Mama mkwe akatufikia akihema. "Nimekaa naye hapa mpaka miguu imekufa ganzi," akamwambia mwanawe. "Nikamuuliza, haya mzee, hii nayo ina kasoro gani? Kimya."

"Mama, si amekufa?"

"Kufa ndiyo kumemziba mdomo? Juzi tu kanijia ndotoni kulalamikia mchuzi! Leo hana neno."

"Hana hata moja?"

"Hata moja, mwanangu."

Mume wangu akalia kwa kwikwi pale pale, mwanamume mzima, kikombe mkononi. Nikamshika bega. Hasira zote zilikuwa zimeniisha.