Winchi Inayoelewa "Acha"

Mwanamke nisiyemjua aliingia karakana ya mjomba wangu pale Kosele bila hodi, akaangusha mpini wa chuma mezani.

"Wewe ndiye Nashon wa poly?"

"Ni mimi, mama."

"Mimi ni Jedidah, navuta kamba kwa mashimo ya dhahabu Nyatike. Winchi yako imemvunja mchimbaji wetu Okemwa mguu."

Winchi hiyo ya kuzungusha kwa mkono ilikuwa kazi yangu ya kwanza, mwaka wa 1996, cheti changu cha politekniki kingali kipya.

"Nilikuwa nampandisha, jiwe likalegea juu yake. Akapiga kelele, 'Acha!' Nikaacha."

Okemwa alimaanisha acha kuvuta. Jedidah aliachilia mpini.

"Lakini nilibandika karatasi kwenye winchi," nikajitetea. "Neno la kusema ni 'Simamisha'."

"Nyathina, mwanangu, jiwe likikujia kichwani utakumbuka karatasi?"

Nilifuatana naye hadi Nyatike. Siku tatu nilikaa kando ya shimo nikisikiliza. Walisema "acha" kwa kila jambo, na wote walikuwa sawa. Mwenye makosa nilikuwa mimi.

"Si uitengeneze ishike hata nikiacha?" Jedidah akasema.

Nikaweka gurudumu la meno na ulimi wa chuma. Kumshusha mtu, unauinua ulimi kwa mkono mmoja. Mkono ukitoka, ulimi unaangukia kati ya meno na kushika. Wavutaji waliniagiza niuhamishe ulimi huo mara mbili, mpaka mkono wenye jasho ukaufikia bila mtu kuutazama. Sijawahi kujivunia kazi kama ile, ingawa nusu yake ilikuwa yao.

"Nani atashuka kwanza?" Okemwa akauliza, mguu kwenye plasta. "Ama wewe ni wa kuchora tu?"

"Alhamisi, saa nne. Mimi."

Jumanne barua ikaja karakana: niende Kisumu kwa usaili wa kazi niliyoiota tangu mwaka wa kwanza wa poly. Alhamisi, saa nne.

"Hao wa mashimo watangoja," mjomba akasema.

Hawakuwa wakingoja. Kila asubuhi walishuka kwa kamba tupu, bila winchi.

Alhamisi nikajifunga kamba kiunoni. Nilipofika mita kumi, Jedidah akainua mikono yote miwili hewani. Ulimi ukalia, *tak*. Nikaning'inia gizani, mzima, juu wakipiga vigelegele.

"Mwongezeeni ugali," Okemwa akapaza sauti, "winchi haijasikia uzito wake!"

Huko Kisumu bila shaka walikuwa wakiliita jina langu.

"Mama Jedidah," nikaita, "nishushe mpaka chini."