Mfasiri wa Siku ya Wazazi

Jamani, nianze na Wenceslaus, maana huyo ndiye aliyeniotesha mvi kabla ya wakati wake. Mtu unamwambia, "Wenceslaus, kataa," anakuangalia kwa macho yale ya upole, anasema, "Yataisha tu, Marcelina." Yataisha! Yataisha vipi, na mtu amekupanda mgongoni?

Na sisemi kwa mafumbo. Alikuwa anapandwa mgongoni kweli. Ilikuwa mwaka 1987, ruksa imeingia, mitumba imejaa masokoni, ila chuo chetu kidogo cha ualimu, kule katikati ya Bunda na Nyamuswa, kilikuwa bado kinakula ugali wa unga wa njano utafikiri habari za ruksa hazijafika jikoni. Keraryo, wa mwaka wa pili, kiranja wa bwalo, mabega kama mlango, alikuwa amejipatia viatu vya mtumba, vya ngozi, vyekundu kidogo. Udongo wa kule wote mnaujua. Mvua ikinyesha, unavuta mguu unaacha kiatu. Basi Keraryo akaamua kwamba viatu vile havitagusa tope. Mvua ikinyesha, Wenceslaus anachuchumaa mlangoni mwa bweni, Keraryo anapanda, anabebwa mpaka bwaloni kama mtoto mchanga, chuo kizima kinaangalia na kucheka. Wakufunzi? Wakufunzi wanakaaga upande wa pili wa shule ya mazoezi, wao wanaona nini.

Sisi njuka, wa mwaka wa kwanza, wote tulionewa na Keraryo na wenzake wawili, wale waliojiita Kamati. Walikula samaki sehemu ya katikati, sisi tukaachiwa kichwa na mkia. Walifuliwa nguo. Lakini kubebwa ilikuwa ni kwa Wenceslaus peke yake, na nilijua sababu. Alikuwa wa kwanza katika hesabu, na alikuwa hajui kusema hapana.

Kwenye bwalo watu walijichagulia wenzao wa kula nao, nane nane kila meza. Waliobaki bila kuchaguliwa walipelekwa meza ya tisa, na wapishi waliiita meza ya makombo, mbele yetu, bila aibu. Mimi nilifika pale kwa ajili ya mdomo. Wasichana wenzangu walinivumilia wiki moja tu. Wenceslaus walisema ananuka dagaa kwa kuwa kwao ni Makoko, ziwani. Uongo mtupu. Na Leodgar wa Nyamuswa alikuwa anasali kabla ya kula mpaka ugali unaota ngozi. Nani atakubali?

Huyo Leodgar naye, Yesu na Maria! Nilipowaambia tufanye kitu, alikuja na mpango wa upupu. Akauchuma mwenyewe porini, akaupeleka mchana kwenye kitanda cha Keraryo, akaumwaga vizuri chini ya shuka. Hakuuliza. Asubuhi ile Keraryo alikuwa amechoka kulala chini ya bati linalovuja, akavihamisha vitanda. Kile kilichobaki kwenye kona ya Kamati kilikuwa cha nani? Cha Leodgar. Na yeye hakukijua kitanda chake, kwa sababu alikuwa amefumba macho anasali njia nzima. Alijikuna siku tatu. Nilimpaka maji ya majivu huku namtukana, na yeye anasema nipunguze sauti.

Basi Ijumaa moja, mvua imekatika, Wenceslaus akanikuta kisimani. Akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeomba chumvi, "Jumapili naondoka na lori la mnadani. Narudi Makoko."

"Kusalimia?"

"Kukaa."

Nikaangusha ndoo. Mkuu wa chuo alikuwa ameshatangaza mara mbili kwenye paredi: anayetoroka harudi, nafasi yake anapewa mwingine. Na huyu mama yake, Marieta, mjane, Makoko nzima ilikuwa imeshaanza kumwita Mama Mwalimu. Anaanika dagaa juani, watu wakipita wanamwamkia hivyo, na anaitika. Nilijua, kwa sababu mimi ni mtoto wa fundi cherehani wa Iringo, Musoma mjini, na Marieta alikuwa anashonewa kwetu gauni la siku ile mwanawe atakapopewa cheti. Lilikuwa limeshakatwa.

"Mama yako utamwambia nini?"

"Nitamwambia nimeshindwa masomo."

"Wewe! Wa kwanza katika hesabu!"

"Ni afadhali hiyo kuliko kumwambia nabebaga mtu."

Nilikasirika mpaka nikalia, na mimi nikilia nakuwa mbaya zaidi. Nilimwita mwoga. Alichota maji yake, akachota na yangu, akaenda.

Jumamosi yake ndiyo ilikuwa Siku ya Wazazi. Wazazi wakaja, wengine kwa miguu tangu alfajiri, wengine juu ya magunia. Marieta hakuweza kuja. Mama yake Keraryo alikuja kutoka Butiama, mama mfupi, mkavu, kitambaa cheupe kichwani, akakaa mstari wa mbele na kumsalimia kila mkufunzi kwa mikono miwili. Keraryo alimletea kiti, akamfuta tope viatuni. Mbele ya mama yake alikuwa mtoto mzuri kweli, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote.

Mkuu wa chuo alitaka wazazi waone maendeleo, kwa hiyo akamwita Felisian wa Musoma, yule mwenye video. Felisian akaja na pikapu, ndani jenereta, deki, na televisheni ya rangi imefungwa kwenye godoro. Tukapigilia mablanketi madirishani ili bwalo liwe giza saa nane mchana. Joto hilo! Halafu Felisian akashika kichwa. Mfasiri wake, Renatus, alikuwa amelala na malaria Musoma.

Kwa wasiojua: siku zile video bila mfasiri si video. Mfasiri anasimama kando ya televisheni, anaeleza kila kinachosemwa, na watu wote wa mle anawapa majina ya hapa na makwao ya hapa, la sivyo watu wanasema hawajaona kitu. Felisian akauliza nani anajua Kiingereza. Bwalo zima likanionyesha mimi. Eti kwa sababu nabishanaga na mkufunzi wa Kiingereza.

"Sijui kile cha puani," nikamwambia.

"Dada yangu, hata Renatus hajui," akaninong'oneza. "Wewe wape majina ya hapa na shida za hapa. Wakicheka, tumepona."

Filamu yenyewe ilikuwa ya vijana wa chuo huko Ulaya, au Amerika, mimi sijui. Kulikuwa na kundi la vijana walioachwa na wenzao: mmoja miwani mikubwa, mmoja mnene, mmoja anaogopa hata kivuli chake. Na kulikuwa na jitu moja lenye mabega, limevaa koti la rangi mbili, na marafiki zake wawili wanaocheka kila linapocheka. Nikasema moyoni, hee, kumbe hata huko wapo.

Mwanzoni nilijitahidi kufasiri. Yule wa miwani nikamwita Eliasi wa Bunda, ana mtihani kesho. Watu wakatulia. Kisha wakaanza kusema haraka haraka, nikapotea. Kiingereza kikanikimbia kabisa, na watu wanapiga kelele, "Mfasiri! Amesemaje? Amesemaje?"

Nikawaambia. Yule wa koti alikuwa amesimama kando ya bwawa la kuogelea, ameshika mpira, na sijui alikuwa anasema nini hasa. Mimi nikasema, "Huyu mwenye mabega anamwambia mwenzake, wewe njuka, katikati ya sato huyu ni yangu, wewe kula kichwa kikupe akili."

Bwalo lililipuka. Njuka walipiga meza. Felisian akaniinulia kidole gumba. Na mimi, mdomo ukishapata njia, nani ataufunga? Jitu likifungua mlango, nikasema linadai sabuni. Likibusu msichana, nikasema linamwambia afue mashati manane mpaka Jumapili. Wazazi wanacheka, wanafuta machozi, hawajui wanachekea nini. Mkuu wa chuo alicheka kwanza, halafu akaacha, akatoa miwani, akaniangalia.

Hapo ningenyamaza. Najua. Leodgar alikuwa ananionyesha ishara ya msalaba kutoka nyuma. Lakini nilimwona Keraryo amekaa karibu na mama yake, mikono kwenye magoti, mpole kama mwanakwaya, nikawaka upya. Kwenye televisheni lile jitu lilikuwa limempiga yule mwoga kikumbo, basi. Nikasema kwa sauti, "Sasa anamwambia, mvua imenyesha, viatu vyangu vya mtumba visiguse tope. Chuchumaa, nipande mgongoni, unipeleke nikale."

Hakuna aliyecheka. Jenereta peke yake ndiyo ilikuwa inasema nje.

Mama yake Keraryo akasimama. Hakuwa amewahi kuona video, na hakuna aliyekuwa amemweleza kwamba watu wale wanaigiza. Akasogea karibu na televisheni, akalinyooshea lile jitu kidole.

"Mtoto mkubwa hivi anabebwa?" akasema. "Na mwenzake? Hana adabu huyu! Ni mtoto wa nani?"

Kwetu ndivyo ilivyo. Humkemei mtu usiyejua nyumba yake. Lazima kwanza ujue ni wa nani, ndipo neno lako lipate pa kwenda. Akanigeukia mimi mfasiri, anangoja jibu. "Binti, nakuuliza. Ni wa nani?"

Na mimi, Marcelina, mwenye mdomo wa kufukuzwa mezani, nikakosa neno. Nilimwangalia yule mama na kitambaa chake cheupe, amefunga safari saa tisa usiku kuja kumwona mwanawe, nikaona aibu iliyonifika mpaka miguuni. Nilitaka kumwaibisha Keraryo. Huyu mama sikumfikiria hata kidogo.

Sauti ikatoka meza ya tisa. "Ni wa Ulaya, mama." Alikuwa Wenceslaus, amesimama. "Si wa huku. Huku hatuna hivyo."

Nilitaka kumpasua! Siku moja katika maisha yake amefungua kinywa mbele za watu, na anafungua kumfichia huyu!

Yule mama alitikisa kichwa pole pole. "Wa Ulaya," akasema. Kisha akageuka, akaliangalia bwalo lote, mstari kwa mstari. "Sasa mbona wote mnamwangalia Keraryo?"

Ni kweli. Tulikuwa tumegeuka wote, hata wapishi kwenye dirisha la jikoni.

"Keraryo."

"Mama."

"Nani alikuwa anakubeba?"

Keraryo alitazama sakafu. Hakuhitaji kusema, maana Wenceslaus alikuwa bado amesimama peke yake, na uso wake ulisema.

Yule mama akamwendea. Akafungua kanga yake kiunoni, ile wanayobebea watoto, akamgeuzia mgongo Wenceslaus, akachuchumaa palepale kwenye saruji, mtu mzima wa miaka sitini.

"Panda, baba," akasema. "Huyu nilimbeba mimi nikamaliza. Kama hakushiba kubebwa, kosa ni langu. Wewe umebeba mzigo wangu. Panda nikurudishie."

Jamani, bwalo zima lilisimama. Keraryo alikuja anakimbia, akapiga magoti kando yake, anamvuta mkono, "Mama inuka, mama nakuomba, inuka," na analia kwa sauti, mabega yote yale yanatetemeka. Mama hakumwangalia. Alibaki vilevile, kanga imeshikwa nyuma, anangoja.

Wenceslaus akainama. Akamshika yule mama mikono miwili, akamwinua taratibu, akamfunga kanga yake yeye mwenyewe kama mtoto anavyomfunga mzazi. Akamkalisha kwenye kiti cha meza ya tisa.

"Mama yangu yuko Makoko, ananitosha," akasema. "Wewe pumzika." Kisha akamgeukia Keraryo aliyekuwa bado amepiga magoti. Sauti yake haikupanda. "Mletee mama maji ya kunywa. Yale ya kisimani, ya baridi."

Keraryo akainuka, akaenda. Nje kulikuwa na tope la jana, na tulimsikia akikanyaga, hatua kwa hatua, mpaka kisimani na kurudi.

Mkuu wa chuo akawaita Kamati ofisini, akatangaza kwamba kiranja wa bwalo atachaguliwa upya Jumatatu. Felisian akazima deki, analalamika kwamba watu hawajaona mwisho na eti ni mimi niliyemharibia. Nilikuwa namtafuta Wenceslaus, kumwomba radhi au kumgombeza, nilikuwa sijaamua. Nilimkuta nyuma ya jiko, anatoa misumari kwenye mablanketi.

"Usiniangalie hivyo," nikamwambia. "Nilikuwa nakutetea."

"Ulinitetea kwa kuwaambia watu wote aibu yangu." Alikuwa amekasirika! Wenceslaus, amekasirika, mishipa ya shingo imemtoka. "Wazazi wote wale, Marcelina. Watafika mpaka Makoko kabla ya gazeti. Hukuniuliza hata neno moja. Siku nyingine uniulize kwanza!"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumjibu, nina majibu kumi. Kisha nikasikia alichosema. Siku nyingine. Na lori la mnadani lilikuwa linaondoka asubuhi.

Nikaufunga mdomo. Nikashika upande wa pili wa blanketi.

"Nitakuuliza," nikasema.