Kwa Nini Égide Alisimama

Gari la mdogo wangu Égide lililetwa kwenye yadi yetu ya Troyeville siku ya Jumanne, likivutwa kwa mnyororo. Mlango wa dereva ulikuwa umebonyea, mengine yote mazima. Égide mwenyewe tulikuwa tumemzika Ijumaa iliyotangulia. Nililipokea kama ninavyopokea gari la mtu yeyote. Nikamwonyesha dereva pa kuliweka, nikamsaidia kufungua mnyororo, nikarudi kwenye breki za Mtanzania mmoja aliyekuwa akinisubiri. Sikulia makaburini, na pale pia sikulia. Watu walinisifu eti nina moyo mgumu wa kiume. Mimi nilikuwa kama mguu uliolaliwa. Ukiugusa hujui kama ni wako.

Saa sita alikuja Emérite, mke wake. Ni mzaliwa wa Bwiza, kule Bujumbura, na hapa Johannesburg anasuka nywele mjini, ingawa tangu msiba hakuwa amesuka hata kichwa kimoja. Alikaa juu ya tairi bila kulipangusa.

"Shemeji, nataka uliangalie hili gari."

"Nimeliona. Mlango atanyoosha Gustave."

"Sisemi mlango. Nasema injini. Nataka kujua kama ilizimika."

Nilijua anachouliza. Siku ile Égide alikuwa akitoka kazini, kwenye ulinzi. Alipofika robot ya Bertrams, taa zile za barabarani, alisimama mahali pabaya, palepale konani, akatoka nje. Waliomwona walisema alikuwa kando ya mlango wake, simu sikioni, teksi ikakata kona kwa kasi na kumgonga. Simu ile ilikuwa ya Emérite, amempigia anunue mkate. Égide alimjibu, "Subiri kidogo," na hakusema tena neno.

Sasa, Égide hakuwa mtu wa kuongea na simu huku anaendesha. Ukimpigia alitafuta kwanza pa kusimama, hata kama ni salamu tu. Tulikuwa tukimcheka kwa hilo.

"Kama gari lilikuwa zima," Emérite alisema, "basi ni mimi niliyemsimamisha pale. Juu ya mkate. Jumamosi ni guca ku mazi. Nataka kujua kabla."

Guca ku mazi ni siku yetu Warundi ya kuanua matanga. Ndugu na marafiki hukusanyika, na mkubwa wa ukoo huuliza mbele ya wote nani ana neno na marehemu, aliyemkosea au aliyekosewa naye, alitoe lisibaki ndani. Emérite alitaka kusimama pale na kusema kwamba amemuua mumewe. Nilimwambia nitaliangalia.

Kuna kitu sikumwambia. Gari lilipofika niliona boneti haijakaa sawa, imeinuka kiasi cha kidole kimoja. Égide alikuwa ameshavuta kishikio cha ndani. Mtu aliyesimama ili aongee na simu havuti kishikio cha boneti. Niliibana chini kwa kiganja mpaka ikalia ta, kisha nikaenda kwenye breki za watu.

Jumatano nikalichaji betri na kuliwasha. Ni gari la Kijerumani la mwaka 1999, lenye turbo, na Égide alilipenda kupita kiasi. Likiwa la baridi lilinguruma vizuri tu. Lilipopata moto, mshale wa mizunguko ukaanza kuhangaika, elfu moja, mia tano, elfu moja, mia nne, injini ikitikisika mpaka vioo vinalia, halafu ikazima. Nikiliwasha tena na kulikanyagia mafuta lilivuta kama halina ugonjwa.

Nikaanza na plagi. Niseme ukweli, nilianza na plagi kwa sababu nilijua si plagi. Baadaye nikabadilisha koili moja baada ya nyingine, nikasafisha kipimo cha hewa, nikakisafisha tena. Siku nzima iliisha hivyo. Gustave, Mkongo wa Lubumbashi anayepaka rangi magari upande wa pili wa yadi, alikuja akasimama nyuma yangu. Mimi huniita yaya, yaani kaka.

"Yaya Gervais, hii moteur iko nakunywa hewa fasi moja. Hausikie vile iko napiga mluzi?"

"Nasikia."

"Sasa juu ya nini uko natosha ma bougies?"

Fundi wa injini akifundishwa na mpiga rangi, ujue ana lake. Nikaendelea kuchomoa plagi.

Kila hewa inayoingia kwenye injini ile hupimwa kwanza. Bomba likipasuka baada ya kipimo, hewa ya wizi isiyopimwa inaingia, na injini ikiwa imetulia inakosea hesabu na kuzima. Ukiwa unakimbia, turbo inasukuma na huhisi kitu. Ni ukisimama, kwenye robot kwa mfano, ndipo gari linakufia.

Alhamisi nikachukua chupa ya kupulizia yenye maji ya sabuni, gari likiwa linawaka, nikaanza kunyunyizia mabomba moja moja. Panapovuja, maji yanavutwa ndani na mlio unabadilika. Nilianza mbele, ambako hakuna kitu. Nilipoishiwa na mahali pengine nikapeleka mkono nyuma, chini ya matawi ya kuingizia hewa kwenye injini, mahali ambapo huingii bila kuchunika. Nikapuliza. Mlio ukabadilika, injini ikatulia sekunde mbili, kisha ikarudia kutetemeka. Nikazima. Sikuhitaji tochi. Kilichokuwa pale nilikiweka mimi.

Mwezi wa tano Égide aliniletea gari bomba hilo likiwa limechanika. Kabla ya kuja huku nilibeba abiria kwa baiskeli miaka minne, na sisi watu wa baiskeli hatutupi tyubu. Unaikata vipande virefu, inafunga fremu, inafunga mizigo, inafunga hata mguu wa mbuzi. Kwetu nilifunga nayo kila kitu na kila kitu kilishika. Basi nikalifunga bomba kwa tyubu, mizunguko kumi na miwili, nikakaza mpaka vidole vikauma. Égide aliuliza kama itadumu. Nikamwambia, "Wewe endesha."

Nilichosahau ni oili. Bomba lile linapitisha mvuke wa oili, na mpira wa baiskeli hauvumilii oili. Ulikuwa umevimba na kulainika kama ndizi iliyopita siku. Nilipouvuta ukakatikia mkononi. Nilikaa nikisubiri kusikia uchungu, na haukuja. Nikanawa mikono, nikainawa tena, nikaenda kutafuta bomba zima kwenye magari chakavu.

Ijumaa Emérite alirudi. Nilimkalisha kiti cha dereva, nikawasha. Injini ilitulia, mshale umesimama mahali pamoja. Alisikiliza kwa muda mrefu.

"Ilizimika," nilimwambia. "Hukumsimamisha wewe. Alikuwa ameshavuta boneti ulipompigia."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Hapo ningeweza kuishia. Nilikuwa nimejiandaa kabisa kusema gari ni la zamani, ndivyo yalivyo.

"Nini kiliizima?"

Nilitoa kitambaa mfukoni, nikakifungua. "Hii. Niliifunga mimi."

Aliishika, akaigeuza kwa kidole. "Ni tyubu ya baiskeli."

"Ndiyo."

Nikangoja. Nilitaka anipige, walau nihisi kitu. Yeye aliegemeza kichwa kwenye kiti, akashusha pumzi ya mtu aliyetua mzigo, na machozi yakamtoka polepole.

"Asante, shemeji," alisema.

Neno hilo liliniuma. Tangu Égide afe, ndilo la kwanza kuniuma, na liliuma vibaya sana. Nikamwambia kesho nitasimama mbele ya watu niliseme, kama desturi inavyotaka.

"Hapana," alisema.

"Nimemkosea ndugu yangu, Emérite. Niseme wapi kama si pale?"

"Umeshaniambia mimi. Mama yenu atakuwa kwenye simu kutoka nyumbani. Ameomba tuiweke mezani asikie yote." Alikunja kitambaa, tyubu ikiwa ndani, akakitia kwenye mkoba wake. "Alizaa wawili. Mmoja umemzika wewe. Usimzikishe na wa pili."

Jumamosi walikuja watu kama thelathini. Mzee Pacifique, mkubwa wetu hapa mjini, aliuliza nani ana neno na marehemu. Nilikuwa nimesimama karibu na meza, na simu ilikuwa hapo. Ikatoka sauti ya mama.

"Gervais yuko hapo? Sijamsikia."

Watu wakanigeukia. Emérite hakuniangalia.

"Nipo, mama," nikasema.

"Una neno?"

"Sina, mama."

"Mungu akubariki," mama akasema. "Najua ulimtunza."