Picha ya Pamoja Juu ya Nyakalamba

Saa kumi na moja kamili alfajiri Salwa alikuwa amesimama katika ua wa misheni, fimbo mkononi, tochi kichwani, viatu vimefungwa mara mbili. Wajumbe walikuwa bado wanatafuta soksi.

Alikuwa amewaambia jana walipofika. Akawaambia tena wakati wa chakula, na kabla ya kulala akapita akigonga mlango mmoja baada ya mwingine. Kupanda Nyakalamba ni mwendo wa saa mbili kwa mtu asiyekimbia. Ukifika kileleni mapema unaiona Nyiragongo upande wa kaskazini, ng'ambo ya ziwa, volkano nzima na moshi wake umesimama. Lakini ikikaribia saa mbili na nusu, wingu linapanda kutoka ziwani na kufunga, na likishafunga halijui mjomba wala shangazi.

"Tumeelewa, mademoiselle," alikuwa amejibu Papa Adalbert, mwenyekiti wa kamati ya utalii, akiwa mlangoni na pijama yake. "Saa kumi na moja ni saa kumi na moja. Sisi si watoto."

Papa Adalbert alitoka saa kumi na moja na dakika thelathini na tano, amevaa koti la suti na buti za mvua.

Watu sita walikuwa wametoka Bukavu kwa jeep mbili ili kuamua jambo moja tu: kama njia ya Nyakalamba itaingia katika orodha ya njia za kupeleka wageni. Ikiingia, vijana waliofyeka vichaka pamoja na Salwa miezi minane watapata kazi ya kuongoza na kubeba mizigo. Isipoingia, njia itakufa, na kufa kwenyewe kulikuwa na tarehe. Njia ilianzia katika shamba la Maman Marcelline, kwa kuwa upande wa kushoto kuna korongo na upande wa kulia kuna kinamasi. Mwezi wa kwanza Salwa alimwendea na diploma yake ya utalii ambayo wino wake haujakauka, akamwomba mahali pa kupita. Mama yule akaacha ukanda wa watu wawili kutembea bega kwa bega, toka chini ya shamba hadi juu, bila kuupanda msimu mzima.

"Nakupa kwa neno lako," alimwambia. "Karatasi yako mi siwezi kuila."

Sasa ilikuwa katikati ya mwezi wa tisa. Mvua za kwanza zimeosha vumbi la kiangazi, majirani wameshapanda, na mbegu za maharagwe za Maman Marcelline zilikuwa kwenye kikapu wiki nzima, zikiisubiri kamati. Kamati ikiona volkano, ataacha ukanda. Isipoona, atapanda leo hii.

Nyumbani Kadutu, mtaa wa Bukavu, nako kulikuwa na neno lake. Baba yake Salwa, Mzee Idrissa, alimwangalia siku ile anafunga begi akasema, "Babu yako alileta vitambaa toka pwani mpaka Uvira. Mimi nimeuza vitambaa Bukavu miaka makumi tatu. Wewe umesoma miaka mitano, unaenda kuuza moshi?" Salwa alicheka. Lakini neno lile liliingia begini pamoja na nguo.

"Twendeni, papa président," alisema sasa. "Kunapambazuka."

"Mbele ya kwenda, tuheshimu protocole," alisema Papa Adalbert, na akatoa karatasi mfukoni.

Likafuata neno la kufungua. Likafuata sala ya kufungua, iliyoombea nchi, mkoa, kamati, magari na madereva. Kisha wajumbe wakajitambulisha mmoja mmoja, jina na cheo, ingawa walikuwa wamekaa pamoja ndani ya jeep kutwa nzima, wengine wamelaliana mabegani. Salwa aliangalia mashariki. Mstari wa rangi ya chungwa ulikuwa umetokea juu ya kisiwa cha Idjwi.

"Na kwa sababu sisi tunaheshimu dini zote," Papa Adalbert aliendelea, "tumuombe mademoiselle Salwa atufanyie sala ya Waislamu."

"Bismillahi," alisema Salwa, akachukua fimbo.

"Njo yote? Sala imeisha?"

"Njo yote, papa. Twende."

Waliondoka saa kumi na mbili na robo. Hata sasa inawezekana, Salwa alijiambia. Wakipanda bila kusimama, saa mbili na robo wako juu. Akawatangulia kwa hatua ndefu, akasikia nyuma yake ukimya. Aligeuka. Kamati ilikuwa imesimama katika shamba la Maman Marcelline, na Papa Adalbert alikuwa ameinua mkono.

"Tunashukuru wakaaji wa hapa," alikuwa anasema, "ambao wamejitolea kwa ajili ya maendeleo..."

Maman Marcelline, mwanamke mfupi wa miaka sitini na kitu, alisimama na jembe lake begani. Alisikiliza kidogo, kisha akamkaribia Salwa.

"Anasema nini ule papa?"

"Anakushukuru."

"Ashukuru akitembea. Kule juu kunafungwa." Akaelekeza jembe mlimani. "Mutoto yangu, hukubaambia?"

"Nilibaambia, maman."

"Basi rudilia."

Salwa alirudia. Walitembea. Njia ilikuwa nzuri, kila mtu alikiri hivyo: ngazi za magogo mahali penye utelezi, kamba mahali penye mwinuko, daraja la mianzi juu ya kijito. Salwa alikuwa na hadithi ya kila gogo, ila hakusimulia hata moja, maana hadithi hula dakika. Ingenieur Jean-Marie, mtu mnene na mkarimu, alikuwa anapumua kama pampu ya baiskeli. Maman Olive, katibu wa kamati, alipanda taratibu na kimya, mkoba wa ngozi umemning'inia kifuani, viatu vyake vya kanisani vikitafuta mahali pa kukanyaga.

Walipoingia katika mianzi, juu ya mita elfu mbili na mia tano, Papa Adalbert alitazama karatasi yake na kusema, "Pause-café."

"Hapana, papa président. Nakuomba. Kahawa tutakunywa juu."

"Mademoiselle, programme imeandikwa: mianzi, pause-café, dakika kumi na tano."

"Mimi ndiye niliyewaambia kuna mianzi! Sikusema tukae!"

"Programme ilipitishwa. Tukianza kubadilisha programme, kesho tutabadilisha nini?"

Salwa aliimeza hasira kama kidonge bila maji. Kupitia majani aliona uzi wa kwanza wa wingu ukipanda bondeni, mwembamba kama moshi wa jiko la mtu. Termosi ilizunguka. Mtu aliuliza kama kuna sukari. Sukari ilikuwepo, lakini chini kabisa ya kikapu, ikabidi kikapu kipakuliwe.

Walifika juu ya Nyakalamba saa tatu kasoro dakika kumi.

Palikuwa peupe. Ziwa halikuwepo, wala Idjwi, wala mti uliokuwa hatua ishirini mbele. Wajumbe walisimama ukingoni wakitazama weupe ule kama watu walioitwa kwenye sinema na mashine ikaharibika.

"Iko wapi?" aliuliza Ingenieur Jean-Marie.

"Pale," alisema Salwa.

"Pale wapi?"

"Nyuma ya pale."

Jean-Marie alikodoa macho kwa heshima. Papa Adalbert alisubiri dakika mbili, akapiga makofi. "Vizuri. Maman Olive, toa rapport tuweke sahihi."

Maman Olive alifungua mkoba wake. Ripoti ilikuwa imepigwa chapa tangu Bukavu, kurasa tatu, na tarehe ya leo juu. Salwa, ambaye alitakiwa kuweka sahihi yake kama mwongoza wageni, aliisoma amesimama, na karatasi ikaanza kulowa kwa ukungu. *Saa moja asubuhi, kileleni, wajumbe wote walijionea kwa macho volkano ya Nyiragongo. Kamati inapendekeza njia iingie katika orodha.*

Alisoma mara ya pili, akitumaini amekosea.

"Lakini hamkuona."

"Iko kule, haiko kule?" aliuliza Papa Adalbert.

"Iko."

"Basi kuna uongo gani? Mademoiselle, sikiliza." Sauti yake ilikuwa laini sasa, sauti ya mzazi. "Umetumika kazi sana. Nimeona magogo, nimeona kamba. Mimi nataka njia yako ipite. Sahihi moja tu, yako, halafu yangu. Leo imekwisha."

Na kilichomuuma Salwa zaidi ni kwamba mtu yule hakuwa mbaya. Alishika kalamu. Akilini aliona kikapu cha Maman Marcelline, akaona vijana wake wanane wamekaa chini wakingoja habari, akamsikia baba yake: moshi. Sahihi moja. Kalamu ilikuwa nyepesi kabisa.

"Fikiria," alisema Papa Adalbert. "Tupige photo de famille kwanza, kisha utaweka."

Wakatoa bango la kitambaa, refu la mita nne, lenye jina zima la kamati. Wakajipanga mbele ya ukingo, migongo yao kaskazini, wamelishika bango kifuani. Salwa akapewa simu ya mwenyekiti. Upepo ulikuwa umeanza.

"Inueni upande wa kushoto! Jina lionekane lote!" Papa Adalbert aliamuru. "Mademoiselle, tuko tayari."

Salwa aliinua simu, na nyuma ya bega la mwisho la kushoto wingu likapasuka.

Halikuondoka, lilipasuka tu, kama shuka kuukuu inayovutwa na watu wawili. Katika pengo lile likatokea ziwa, kisha mstari mweusi wa pwani ya mbali, kisha Nyiragongo, kubwa, ya buluu iliyoiva, kichwa chake kimekatwa sawasawa, na moshi mweupe unapanda wima kabla ya kulala upande mmoja.

"Geukeni!" alipiga kelele. "Iko! Geukeni!"

Ingenieur Jean-Marie alicheka kwa meno yote. Alidhani ni ule ujanja wa wapiga picha wa kuwachangamsha watu.

"Musisonge!" alisema Papa Adalbert kati ya tabasamu lake. "Tumesimama vizuri. Piga kwanza!"

"Papa, iko nyuma yako! Jamani, geukeni!"

"Piga!"

Upepo ukaingia chini ya bango, likafura kama tumbo, wanaume wakalikazania kwa mikono miwili. "Isianguke kwenye matope!" Kidole cha Salwa kiligusa simu, hata yeye hakujua kama kwa kutaka. Wakati bango limeshushwa, likakunjwa mara mbili kwa uangalifu, na wajumbe wamegeuka, palikuwa peupe tena.

"Iko wapi?" aliuliza Jean-Marie.

Salwa aliogopa akifungua mdomo atatukana, au atalia.

Papa Adalbert alichukua simu yake. Katika picha, bango lililofurishwa na upepo lilikuwa limepanda mpaka juu ya vichwa, limefunika kila kitu kilichokuwa nyuma. Chini yake nyuso tano zilicheka. Ya sita haikuwepo. Mahali pake palikuwa na kisogo cha Maman Olive na kitambaa chake cha kichwa.

"Maman Olive! Umetuharibia photo."

Maman Olive alikuwa bado ameangalia kaskazini.

"Nimeiona," alisema.

"Unasema?"

"Papa président, nimeiona. Miaka makumi ine na saba niko hapa Kivu, sijawahi. Ni kubwa hivi!" Akafungua mikono, akaona haitoshi, akaishusha. "Inatoa moshi pole-pole, kama muzee na pipa yake ya tumbako."

Maman Olive aliinama, akaweka ripoti juu ya goti, akachukua kalamu katika vidole vya Salwa. Akafuta *saa moja asubuhi*, akaandika *saa tatu*. Akafuta *wajumbe wote*, akaandika juu yake, kwa mwandiko mzuri wa shule ya masista: *mjumbe mmoja*.

"Hivi naweza kuweka sahihi," alisema Salwa, na akaweka.

Papa Adalbert alisoma. Shingo yake iliwaka. "Mujumbe mumoja katika sita? Nitapeleka hii Bukavu namna gani? Bataniuliza, wewe mwenyekiti ulikuwa wapi?"

"Kwenye photo," alisema Jean-Marie, kisha akajuta.

"Kesho, papa," alisema Salwa haraka. "Nawaomba kesho. Nitawaamsha saa kumi, hotuba zote tufanye tukishashuka, nitawapikia mimi mwenyewe..."

"Kesho tuko na réunion ya kamati." Alikunja ripoti bila kuiweka sahihi, akaitia ndani ya koti. "Tutapanga siku ingine."

Salwa alizaliwa Bukavu na kukulia Bukavu. Alijua *tutapanga* inakaa wapi: katika droo, chini ya *tutaona*.

Jeep ziliondoka kabla ya adhuhuri. Maman Olive alimshika mkono dirishani, akataka kusema kitu, gari likamchukua.

Maman Marcelline alikuwa shambani, kikapu cha mbegu miguuni, jembe limeegemea paja.

"Baliona?"

Salwa alikuwa amepanga maneno njia nzima. Yote yakamtoka.

"Mumoja, maman."

"Katika sita?"

"Katika sita. Bale wengine walikuwa wanapiga photo."

"Na ungesema bote?"

"Alitaka niseme bote. Ningesema, njia ingepita. Sikuweza. Unisamehe."

Mama yule akatema mate pembeni, akashika jembe, na akaanza kulima ndani ya ukanda, upande wa kulia. Salwa alisimama akitazama udongo mweusi ukigeuzwa juu ya nyayo zake mwenyewe za miezi minane. Mama alilima mstari hadi juu, akavuka, akashuka akilima upande wa kushoto. Alipofika chini akasimama, akapima kwa mguu katikati ya mistari miwili. Palibaki upana wa mguu mmoja na nusu.

"Mutu mumoja aliona," alisema. "Basi naacha njia ya mutu mumoja. Bengine bakikuya, bafwatane nyuma-nyuma. Na maneno yabo bayamalizie kwabo Bukavu."

Salwa alitaka kucheka, kicheko hakikutoka. Njia ya watu wawili bega kwa bega: hiyo ndiyo aliyowaahidi vijana wake, hiyo ndiyo aliyoichora. Alipiga magoti, akachota maharagwe kikapuni, akaanza kuyasukuma ardhini moja baada ya jingine kwa kidole gumba, kwa nguvu, kana kwamba kila punje ni hotuba.

"We mutoto," Maman Marcelline alimwambia kutoka mstari wa pili. "Unapanda ao unazika? Legeza mukono. Hiyo mbegu haikukukosea kitu."