Krimu na Kijivu kwa Chumba cha Baba

Fundi rangi mstaafu, ambaye mtaa mzima ulimwita Brashi, aliporudishwa nyumbani kutoka hospitali alilalamika kwamba ukuta wa kijani uliobabuka mbele ya kitanda chake unamtia kichefuchefu. Binti yake wa mwisho, mshonaji, ndiye aliyekuwa akimuuguza. Daktari alikuwa amemweleza yeye peke yake kwamba ini la mzee limekwisha, naye akakubaliana na kaka zake kwamba baba asiambiwe.

Akaenda dukani, akarudi na vikopo viwili vya kujaribia: krimu na kijivu kilichofifia. Baba akamwagiza apake kipande cha kila rangi, kisha wasubiri. Rangi hulaghai dukani, alisema. Mpaka uione asubuhi, mchana na jioni.

Wakatazama siku mbili. Asubuhi, baba alisema, kijivu kilikuwa na ubaridi wa wodi. Krimu ilipendeza mchana, ila jua likiinama ilipiga umanjano. Binti aliuona, akayaangalia macho ya baba, akageukia pembeni. Hata hivyo aliitaka krimu. Angalau chumba kingechangamka.

"Paka kijivu," baba alisema.

"Lakini Baba, wewe mwenyewe umesema kina baridi."

"Kina baridi. Ila krimu juu ya kijani inataka mikono mitatu ya rangi, tabaka juu ya tabaka, na kila mkono ukauke vizuri. Kijivu ni miwili tu. Mitatu hatuwahi, mama."

Binti akakaa ukingoni mwa kitanda. Akamuuliza amejua tangu lini. Baba akasema ni tangu wanawe wa kiume walipoanza kumpigia simu kila siku, wao ambao zamani hata salamu walimtumia kwa mtu. Wakacheka wote wawili, na kicheko cha binti kikaishia kwenye kilio.

Kesho yake akapiga mkono wa kwanza. Baba alikataa kuhamishwa. Alilala akimkosoa: asiloweshe rola, asirudie palipoanza kukauka. Alimkaripia kama kibarua, na binti alifurahi kukaripiwa.

Mzee alikata roho mchana wa siku iliyofuata, binti akiwa uani anakoroga rangi ya mkono wa pili.

Waombolezaji walipoingia chumbani, shangazi alinong'ona kwamba ukuta umepakwa ovyo, kijani bado kinachungulia. Binti alimsikia. Aliendelea kukunja mashuka.