Hedifoni ya Pili

Fundi alikuwa amefunga kamba za kiatu kimoja tu alipolitoa lile jambo. Alilisema ameinama, kama mtu anayezungumza na kisigino chake.

"Leo ukinivalisha hedifoni, nivalishe kinyume."

Mkewe alikuwa akikusanya makombo mezani kwa kiganja. Kiganja kikasimama.

"Zote mbili?"

"Zote mbili. Upande wa kushoto ukae kulia, wa kulia ukae kushoto. Nani atajua? Zenyewe ni kama soksi, huku na huku ni kulekule."

"Na Bosi akiona?"

"Bosi? Yule hutafuta miwani yake akiwa ameivaa." Akacheka peke yake, kicheko kikafia njiani. "Mama watoto, nikivalishwa sawasawa leo, nimekwisha. Unajua hilo."

Alijua. Alitupa makombo nje ya dirisha, akachukua mkoba wake, wakatoka.

Walifanya kazi mahali pamoja, kwenye studio ya kurekodia muziki iliyokuwa juu ya duka la rangi za nyumba. Mke alitunza maikrofoni, stendi na nyaya zote, akazoeleka kwa jina la Mama Waya hata kwa watu wa duka la chini. Mumewe ndiye aliyekuwa fundi wa kuchanganya sauti. Bendi ikishapiga, kila chombo kikishaingia kivyake, yeye ndiye wa kuamua kipi kisikike mbele na kipi kirudi nyuma, kipi kikae kushoto na kipi kulia. Kwa muziki wa jazi hakuwa na mpinzani. Watu walivuka mji mzima kuja kukaa mbele ya mashine yake.

Lakini sikio lake la kushoto lilikuwa linakufa. Lilianza kupoteza sauti nyembamba, zile za juu kabisa. Kwanza birika lilipiga mluzi jikoni hadi maji yakakauka, naye amekaa palepale. Kisha binti yao akawa anamwita kutoka kushoto na kununa kwamba baba anaringa. Mama Waya aliona, akanyamaza, akaendelea kuona. Siku moja akamkuta peke yake kwenye mashine, hedifoni kichwani, waya ukiwa umening'inia upande usio wake. Akaelewa bila kuambiwa. Katika jazi yao, ngoma na matoazi hukaa kushoto, saksafoni hukaa kulia. Mumewe akizivaa sawasawa, matoazi yanaingia kwenye sikio bovu na kupotelea humo. Akizigeuza, yanaingia kwenye sikio zima.

Mambo yalikwenda hivyo hadi siku Bosi alipotaka kukaa naye bega kwa bega wakati wimbo wa bendi ya Radi ukichanganywa. Mbele ya Bosi hakuweza kugeuza. Akawa anayapandisha matoazi kidogo, kidogo tena, mpaka ayasikie. Wimbo ukatoka. Kila aliyeusikiliza alishika masikio. Bosi mwenyewe alishaanza kupoteza imani na masikio yake ya kizee, hivyo hakuthubutu kusema neno siku ile. Lawama zote akazitwisha hedifoni za zamani. Akaazima mbili mpya kwa muuzaji, zote za bei ya kutisha, zote za mtengenezaji mmoja. Moja ingenunuliwa, nyingine ingerudi kabla ya jioni. Na wa kuchagua alikuwa Fundi.

* * *

Chumba cha kuchanganyia sauti kilikuwa kidogo, kimevishwa zulia hadi kutani, na taa yake moja ilikuwa hafifu. Ukifunga mlango unasikia pumzi zako mwenyewe. Bosi alikuwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu na miwani kipajini. Radi, mpiga ngoma, alisimama karibu na mlango, fimbo zake zikitoka mfuko wa nyuma kama mkia.

"Shemeji, karibu kwenye harusi," alimwambia Mama Waya. "Maharusi ni mapacha, sijui tumwoze yupi."

Kweli zilikuwa mapacha. Hedifoni mbili nyeusi, mito ya ngozi laini, vikombe vikubwa vya kufunika sikio lote. Alama ya kushoto na kulia ilikuwa kidoti kidogo tu cha kupapasa kwa kidole, cheusi juu ya cheusi.

"Tofauti utaisikia kwenye matoazi," Bosi alimweleza Fundi. "Kwingine kote zinalingana. Mimi na huyu tumeshasikiliza. Hatukwambii tulichosikia, tusije tukakutia maneno mdomoni. Sauti nimezipima kwa mita, hakuna inayopiga kelele kuliko mwenzake. Ile yenye sauti kubwa siku zote hujifanya nzuri."

"Najua, Bosi."

"Najua kwamba unajua. Nasema kwa ajili yangu."

Pale studio walikuwa na desturi yao. Chombo kipya hakichaguliwi kwa macho. Msikilizaji hufungwa kitambaa, mikono anaiweka mapajani, na mtu mwingine ndiye anayemvalisha, asije akakijua chombo kwa kukishika. Kazi ya kuvalisha ilikuwa ya Mama Waya tangu zamani, kwa sababu mikono yake haikugongagonga vitu.

"Nikuambie ukweli, Fundi," Radi alisema, na safari hii hakuwa anatania. "Ule wimbo mwingine ukitoka kama ule wa kwanza, nachukua vijana wangu tunakwenda kwingine. Matoazi yangu yalikuwa yanakata kama wembe. Nimenunua brashi laini za kupigia badala ya fimbo, nimelegeza kifundo cha mkono, mwisho nilijiona mimi ndiye nimesahau kupiga."

Fundi alilamba midomo. "Leo tutajua mbaya ni nani," akasema.

Mama Waya alimfunga kitambaa. Alipokaza fundo, aliona jasho limeshamtoka mumewe nyuma ya shingo, na chumba kilikuwa baridi.

Akachukua hedifoni ya kwanza. Angepapasa kidoti mbele za watu angeshtukiwa, basi akafuata waya. Waya wa hedifoni siku zote hukaa kwenye kikombe cha kushoto. Akauzungusha, ukaangukia bega la kulia la mumewe. Kinyume. Bosi alikuwa anaangalia mashine. Radi alikuwa anajikuna kidevu.

Muziki ukaanza. Wengine hawakusikia ila mnong'ono mdogo ukivuja kandokando ya mito. Fundi alitulia. Kidole chake kikaanza kugonga paja.

"Besi nene, imekaa," akasema. "Saksafoni iko karibu, nasikia hata vidole vyake kwenye vitufe. Matoazi... yapo. Yana vumbi kidogo. Kama mtu amekunja karatasi chumba cha pili. Yanavumilika."

Bosi na Radi wakatazamana. Radi akainua nyusi kwa heshima, maana ndivyo na wao walivyosikia, hata ile karatasi.

"Jamani, huyu mtu," Bosi alinong'ona. "Haya, ya pili."

Mama Waya akaivua ya kwanza, akachukua ya pili. Akatazama waya, akauangushia bega la kulia kama mwanzo, akarudi nyuma hatua moja. Imepita, alijiambia.

Muziki ukaanza tena. Kidole cha Fundi hakikugonga.

Alikaa. Akapinda shingo kidogo, kama kuku anayesikiliza mlango. Mama Waya aliujua mpindo ule. Alikuwa akiuona mezani, kila binti yao alipoita kutoka kushoto.

"Hii imekufa juu," Fundi akasema. "Besi ipo, saksafoni ipo. Matoazi hakuna kabisa. Ni kama Radi amebaki nyumbani."

"Hakuna?" Radi akauliza.

"Hakuna. Hii mrudishie mwenyewe."

Macho yalimtoka Mama Waya. Akatazama kikombe kilichofunika sikio la kushoto la mumewe, na pale chini akaona kitundu kitupu cha kuchomekea waya. Hedifoni ya pili, tofauti na ya kwanza, ilikuwa na matundu mawili, moja kila upande. Waya ulitoshea popote. Bila shaka Radi, alipoisikiliza kabla hawajafika, alikaa upande wa pili wa mashine akauhamishia kulia usimpite shingoni. Aliyekaa siku zote akitunza nyaya alikuwa ameufuata waya, na waya ulimdanganya. Mumewe alikuwa amevaa sawasawa.

"Ajabu," Bosi alisema polepole. Alishusha miwani, akaipandisha tena. "Mimi kwenye hii niliyasikia matoazi safi kabisa. Kama maji. Nikasema ndiyo hii."

"Hata mimi," Radi akasema.

"Lakini sisi ni nani?" Bosi alipunga mkono. "Mimi masikio yangu yamezeeka na huyu amejipigia masafuria tangu utotoni. Fundi akisema imekufa, imekufa. Nampigia muuzaji aje aichukue." Akaitoa simu mfukoni.

Chini ya kitambaa, mdomo wa Fundi ulikuwa unatabasamu. Hakujua lolote. Alidhani wameshinda.

Na kweli walikuwa wameshinda, hilo ndilo lililomkaba Mama Waya. Angesimama tu na mikono yake, na mambo yangekwisha hivyo. Hedifoni nzuri ingerudi kwa mwenyewe, mbaya ingebaki, mumewe angebaki kwenye kiti chake. Kesho angekaa tena mbele ya mashine, Bosi bega kwa bega, na kuyapandisha matoazi kidogo, kidogo tena. Radi angenunua brashi nyingine laini. Bosi angeendelea kujiona kiziwi. Watu wawili wenye masikio mazima wangekwenda zao wakiamini wao ndio wabovu.

Bosi alikuwa ameshaiweka simu sikioni. "Haloo? Ndiyo, ni mimi..."

Muziki ulikuwa bado unapiga kichwani mwa Fundi. Mama Waya akasonga mbele. Hakujificha safari hii. Akashika vikombe vyote viwili, akaviinua, akavigeuza mbele ya macho ya kila mtu, akavirudisha.

"Haa!" Fundi akaruka kidogo kitini. "Hayo hapo! Matoazi hayo hapo! Yako wazi kama..."

Alisikia alichokisema.

"Shemeji," Radi alisema, "umefanya nini?"

"Nimegeuza."

"Kumbe ulikuwa umemvalisha kinyume?"

"Hapana," akasema, na sauti yake ikamtoka nyembamba kuliko alivyotaka. "Alikuwa amevaa sawasawa. Sasa ndiyo kinyume."

Radi alichelewa kuelewa, ila Bosi aliwahi. Alimwambia mtu wa simu atampigia baadaye. Akamtazama Fundi, kisha kikombe, kisha Fundi tena. Ule mnong'ono wa brashi ukaendelea kuvuja kwenye mito, mwepesi, usiojua yaliyotokea.

Fundi alifungua kitambaa mwenyewe. Alimtazama mkewe mara moja, kwa jicho ambalo hakuwahi kumtazama nalo. Kisha akageukia wenzake.

"Kushoto sisikii," akasema. "Sauti za juu. Ule wimbo wa kwanza, hedifoni hazikuwa na kosa. Kosa ni langu."

"Tangu lini?" Bosi akauliza.

"Mwaka jana."

"Mwaka jana!" Radi alichomoa fimbo mfukoni kama anayetaka kumpiga nazo, akabaki amezishika. "Mimi nimelegeza mkono, Fundi! Nimepiga kwa woga nyumba nzima inaniuliza kama naumwa! Wewe umekaa hapo unaniangalia?"

"Nilikuwa nakuangalia."

"Na ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Radi alifungua mlango, akatoka, akarudi, akatoka tena. Walimsikia akishuka ngazi kwa kishindo.

Bosi alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Albamu hii hutaichanganya," akasema hatimaye. "Nitamtafuta mwingine. Wewe utakwenda kwa daktari wa masikio, utaniletea alichosema, na hapo ndipo tutazungumza kama kuna kazi ya sikio moja hapa ndani. Sikuahidi."

"Sawa."

"Na hii ya pili naibakiza." Akaipakata hedifoni kama mtoto. Mlangoni alisimama. Alionekana anatafuta neno la kumwambia Mama Waya, la shukrani au la kumgombeza, akalikosa, akaenda zake.

Wakabaki wawili. Fundi alianza kukunja nyaya zilizotapakaa sakafuni, kazi ambayo haikuwa yake. Alikunja vibaya, kwa kiwiko, namna ambayo mkewe hukataza kila siku. Leo hakumkataza. Akapiga goti, akachukua ncha nyingine.

"Nambie," Fundi akasema bila kuinua macho. "Ulikosea, au ulikusudia?"

"Mara ya kwanza nilikosea. Mara ya pili nilikusudia."

Waya ukawa unapita kati yao, mzunguko juu ya mzunguko.

"Ungeniuliza kwanza."

"Ungekataa."

Fundi akaufungua ule aliokuwa ameukunja vibaya, akaanza upya, mara hii kwa viganja.

"Ningekataa," akasema.